Anayengoja Ufuoni

 

Hapa petu Bofa, kaskazini ya daraja la Kilifi, mgeni akishuka ufuoni alasiri hutazama mchanga mweupe. Sisi wenyeji hutazama akina mama. Wakiwa wamesimama na ndoo zao, wakibishana bei ya samaki wa kukaanga, twajua vyombo vyote vimerudi. Lakini mmoja akiwa ameketi peke yake, uso wake umeelekea mwambani, hatuna haja ya kuuliza. Kuna chombo hakijaonekana. Leo twataka kusema juu ya mama huyo, na juu yetu sisi tusimamao nyuma yake tukinong'ona.

Tutaanza mbali, kisha turudi nyumbani.

Mwezi wa Novemba 2017, nyambizi moja ya jeshi la majini la Argentina, jina lake San Juan, ilikuwa ikirudi kutoka Ushuaia, kusini kabisa ya nchi ile, kwenda bandari yake ya Mar del Plata. Nyambizi ni manowari iendayo chini ya maji. Ndani yake mlikuwa na watu 44, na mmoja wao alikuwa Eliana Krawczyk, mwanamke wa kwanza katika nchi yake kuwa afisa wa nyambizi. Kapteni alikuwa amearifu kwamba maji ya bahari yameingia kwa njia ya hewa, yakafika kwenye betri na kuleta hitilafu ya umeme. Akasema hatari imedhibitiwa na safari inaendelea. Asubuhi ya tarehe 15 wakazungumza mara ya mwisho. Baada ya hapo, kimya.

Jamaa zao wakakusanyika langoni pa kambi ya jeshi kule Mar del Plata. Wakafunga bendera na picha kwenye ua wa waya, wakangoja. Ilijulikana kwamba chombo kikishindwa kupanda juu, hewa iliyomo ingetosha kama siku saba tu. Fikirini mama anayehesabu siku hizo kwa vidole.

Ndipo habari zikaanza kumiminika. Tarehe 18 ikasemwa kwamba simu saba za setilaiti zimejaribu kupigwa, na huenda zatoka ndani ya nyambizi. Watu wakakumbatiana kwa furaha. Baadaye ikajulikana kwamba hazikutoka humo. Siku mbili zikapita, ikasemwa kwamba meli za kutafuta zimesikia kitu kama mtu agongaye chuma kwa nyundo. Wakakumbatiana tena. Nayo haikuwa ya nyambizi. Wengine wakadai imeshambuliwa na taifa jingine, na kila mwenye ulimi akawa bingwa wa mambo ya bahari.

Kumbe asubuhi ile ile ya tarehe 15, saa chache tu baada ya maneno ya mwisho, bahari ilikuwa imekwisha kusema. Kuna vyombo vilivyowekwa chini ya maji kusikiliza kama kuna taifa linalojaribu bomu la nyuklia kwa siri. Viwili vya namna hiyo, kimoja karibu na kisiwa cha Ascension na kingine karibu na visiwa vya Crozet, vilisikia mshindo mmoja mzito. Habari hiyo ikatangazwa tarehe 23. Lakini mahali penyewe hapakupatikana mpaka Novemba 2018, mwaka mmoja na siku chache baadaye. Nyambizi ilikuwa imevunjika, imelala mita 907 chini ya bahari.

Tazameni tofauti, wapenzi. Wale waliosikiliza kwa vyombo vyao walisema walichosikia, wala hawakukiongezea. Wale waliozunguka bahari usiku na mchana walikuwa wakitafuta. Hao hatuwalaumu hata kidogo, maana kutafuta ukweli ni kazi ya upendo. Twasema juu ya yule asiyesikia kitu wala kutafuta kitu, lakini ana jibu. Mwezi wa Juni 2023 mambo yalikuwa yale yale, chombo kidogo cha Titan kilipopotea na watu watano karibu na mabaki ya Titanic. Tena ikasemwa kuna mlio wa kugonga, tena watu wakahesabu saa za hewa, na wengine, twaona haya kusema, wakafanya mzaha juu ya wanaokufa kwa sababu walikuwa matajiri. Walikuwa wamekwisha kufa tangu siku ile ya kwanza.

Wala tusidhani nyambizi ni habari ya nchi za mbali tu. Mwezi wa Februari 1944 meli Khedive Ismail iliondoka Kilindini, Mombasa, ikielekea Colombo, imejaa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, pamoja na wauguzi. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani iliipiga, ikazama kwa dakika chache tu. Walikufa watu karibu 1,300. Na nyambizi yenyewe ikazamishwa siku ile ile na manowari za Waingereza, na karibu wote waliokuwamo wakaangamia. Kwa hiyo walikuwapo mama wa kungoja huku kwetu, na mama wa kungoja kule Japani, kwa ajili ya bahari ile ile moja.

Sasa turudi Bofa, na hapa twasema kwa aibu.

Mwaka mmoja, katika majira ya kusi, mashua yenye watu wawili ilitoka nje ya mwamba isirudi. Siku ya kwanza tuliwasha taa ufuoni, tukaomba pamoja, na vijana wakatoka kutafuta. Siku ya pili ikasemwa wamekamatwa mpakani. Siku ya tatu, maharamia. Siku ya nne likaja neno jingine kutoka mferejini: kwamba mmoja wao ameonekana Shimoni, amevaa kanzu safi, ana mke mwingine. Nani alimwona? Hakuna aliyeuliza. Sisi wazee wa kanisa hatukulianzisha neno hilo, lakini lilipita mikononi mwetu, na lilipotoka kwetu lilikuwa limenenepa.

Mkewe aliacha kuja ufuoni. Alizitoa nguo za mumewe nje ya nyumba. Kisha mbao za mashua zikapatikana upande wa Uyombo, na wavu pamoja nazo, nao ulitambulikana kwa fundo zake. Mama yule alitutazama, akasema, "Siku tisa nimemchukia marehemu. Yale ya Shimoni mliyatoa wapi?"

Hatukuwa na jibu. Hata leo hatuna.

Katika Injili ya Luka, sura ya 13, Bwana Yesu mwenyewe anautaja mnara wa Siloamu, ulioanguka ukaua watu kumi na wanane.  Yesu hakueleza kwa nini mnara ulianguka. Alikataa kabisa kusema kwamba wale kumi na wanane walikuwa wabaya kuliko wenzao, akawageuzia swali wale waliokuwa wakimsikiliza. Na rafiki zake Ayubu je? Twapenda kuwasema vibaya, lakini someni vizuri sura ya pili. Waliketi naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kumwambia neno. Siku hizo saba walikuwa rafiki wa kweli. Matata yalianza walipoanza kueleza.

Twafahamu kwa nini watu hubuni. Kimya cha bahari ni kizito, na hofu hutafuta mahali pa kukaa. Lakini uzito huo haukuwekwa ili tumtupie mjane.

Tangu mwaka ule, chombo kikichelewa hapa kwetu, akina mama wa kanisa hupeleka chai ufuoni na mkeka. Mmoja huwachukua watoto akawalishe. Kijana mmoja huenda kuuliza kwa wavuvi wa Takaungu na wa Watamu, na arudipo husema alichosikia kwa masikio yake na jina la aliyemwambia. Wengine huketi. Kuketi ni kazi ngumu kuliko tulivyodhani, tena miguu hufa ganzi.

Tuombe.

Bwana, wewe uliyemwona Yona mahali ambapo hapana jicho la mtu, waangalie waliotoka nje ya mwamba alfajiri ya leo. Umkumbuke mama yule, na utusamehe neno la Shimoni. Na kama yuko aliyeketi ufuoni jioni hii, tupe nguvu ya kwenda kuketi karibu naye, na uufunge mlango wa midomo yetu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.