Mboga, Mitishamba na Mafuta ya Damu
Kisukari huvuruga mafuta ya damu. Lehemu (kolesteroli) mbaya hujikusanya kwenye kuta za mishipa. Mshipa ukiziba, moyo au ubongo hukosa damu. Kabla ya hapo mgonjwa huenda asihisi lolote. Ni kipimo cha damu kinachoonyesha kiwango cha mafuta hayo.

Huko Kisii na Nyamira nchini Kenya, mboga za majani za chinsaga na rinagu, pamoja na parachichi, ni chakula chenye manufaa ya kweli, hasa parachichi likiliwa badala ya siagi. Mitishamba ya chupa inayouzwa sokoni ni jambo jingine. Nguvu yake haijapimwa. Ikichanganywa na dawa za kisukari, sukari yaweza kushuka ghafla.

Msikilizaji, mwambie daktari kila mtishamba unaotumia. Pima mafuta ya damu. Na dawa za hospitali, usiziache.