Mama Anaporudi Kazini Baada ya Kujifungua: Tuzibe Ufa Mapema

Mazungumzo na familia zilizohama makwao pamoja na viongozi wao

 

Leo tutazungumza juu ya mama anayemaliza likizo ya uzazi, ile ambayo wengi wetu tunaiita konje, akarudi kazini na kukuta mambo yamegeuka. Mtauliza, hilo linahusu nini amani? Linahusu sana. Katika familia iliyokimbia vita, mara nyingi mshahara wa mtu mmoja unalisha nyumba mbili au tatu. Mshahara huo ukikatika, watoto wanaacha masomo, na ndugu waliopokelewa wanaanza kuhesabiwa sahani. Tena mahali wanapokaa watu wa makabila mengi, ugomvi wa nafasi moja ya kazi unaweza kugeuka ugomvi wa watu wote.

Ugomvi unavyoanza

Tuchukue mfano. Mama anafanya kazi katika kituo cha lishe. Anapima watoto uzito, anaandika daftari, anatembelea familia. Anajifungua, na mtu mwingine anawekwa kushika nafasi yake. Wiki nane zikiisha mama anarudi. Mtoto ni mchanga, usiku halali. Anakuta mezani pake ameketi mtu. Yeye anapelekwa kufagia bohari, bila barua yoyote. Akiomba kwenda kunyonyesha, anajibiwa kwamba hapa si nyumbani. Mwezi unapoisha anapewa karatasi ya tathmini: kazi yake ni dhaifu, hakufikisha idadi ya familia za kutembelea. Lakini idadi hiyo ni ya miezi sita, na zaidi ya miezi mitatu kati yake alikuwa likizoni.

Sasa tusikilize na upande wa pili. Msimamizi ana ripoti ya kupeleka, na mfadhili anaingoja. Ni kweli kwamba mama amechelewa mara nne. Yule aliyeshika nafasi yake naye ana watoto, naye amekimbia vita, na anaogopa kubaki bila kitu. Hapo maneno ya pembeni yanaanza: "Wamemtoa kwa sababu si wa kabila la mkuu." Pengine ni kweli, pengine si kweli. Lakini neno hilo likishatoka ofisini na kufika kwenye bomba la maji, hakuna awezaye kulirudisha.

Sheria inasema nini

Nchini Kongo tunayo Sheria ya Kazi namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa mwaka 2016. Tuyashike mambo haya manne:

1. Mama ana haki ya kupumzika wiki 14 mfululizo: sita kabla ya kujifungua na zisizozidi nane baada yake. Kwa muda huo analipwa theluthi mbili za mshahara, hata kama mtoto hakuishi.

2. Katika muda huo mwajiri hawezi kuvunja mkataba wake.

3. Mimba, kujifungua, au kutokuwapo kazini kwa ajili ya likizo ya uzazi si sababu halali ya kumfukuza mtu.

4. Mama anayenyonyesha ana haki ya mapumziko mawili ya nusu saa kila siku, nayo yanalipwa kama saa za kazi.

Hili la nne wengi hulidharau. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto apewe maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita. Likizo inaisha mtoto akiwa na miezi miwili hivi. Basi inabaki miezi minne ambayo zile nusu saa mbili ndizo zinazomlinda mtoto, hasa pale ambapo maji safi ni ya shida na maziwa ya kopo hayanunuliki.

Lakini tusiisome sheria nusu. Sheria hiyo hiyo inamruhusu mwajiri kumwachisha mtu kazi kwa sababu halali inayohusu uwezo wake au mwenendo wake. Mama aliyetoka kujifungua anaweza kupimwa kazi yake kama mwingine yeyote. Kinachokatazwa ni kumhukumu kwa uzazi wake huku jina la kazi likitumiwa kama kifuniko.

Kuyatenganisha hayo mawili

Kiongozi anayeletewa neno kama hili aulize maswali machache. Je, miezi ya likizo imetolewa katika hesabu ya kazi iliyopimwa? Je, kabla ya likizo mama huyu aliwahi kuonywa kwa maandishi, au udhaifu umeonekana tu baada ya mtoto kuzaliwa? Wengine waliochelewa vilevile, nao wamepewa barua? Alipewa nafasi ya kueleza, na muda wa kujirekebisha? Na kuchelewa kwenyewe kulitokana na nini: ni uzembe, au ni nusu saa ya kunyonyesha aliyonyimwa mchana akaichukua asubuhi?

Majibu ya maswali haya huonyesha haraka shida iko wapi. Mara nyingine msimamizi mwenyewe, akiulizwa kwa heshima, huona kwamba hesabu yake haikuwa ya haki. Mara nyingine mama naye huona kwamba angeliomba saa za kunyonyesha mapema na kwa maandishi, mengi yasingetokea.

Pa kupeleka mashtaka

Sheria inataka ugomvi wa mfanyakazi na mwajiri upite kwanza kwa mkaguzi wa kazi, ambaye anajaribu kupatanisha. Wakishindwana ndipo mahakama ya kazi. Tusichelewe, maana haki ya kudai ina muda wake: kwa kawaida miaka mitatu, lakini kudai mshahara ni mwaka mmoja tu.

Tunajua mnachofikiri. Vita vilipofika Goma Januari 2025 na Bukavu Februari 2025, ofisi nyingi zilifungwa na mahakama zikanyamaza. Ni kweli. Ndiyo sababu karatasi zina thamani kuliko zamani. Mama atunze mkataba, barua ya likizo, cheti cha kuzaliwa mtoto, karatasi za malipo na za tathmini. Awe na nakala mahali pengine, hata picha kwenye simu ya ndugu. Na ndugu zetu walioko Nakivale au Kyangwali wajue kwamba huko inafuatwa sheria ya Uganda, ambayo inatoa siku 60 za kazi kwa mshahara kamili.

Tunaloomba kwenu

Viongozi, msingoje mpaka mama afukuzwe. Shirika linapokuja kuajiri watu wenu, ulizeni siku ile ile: mama akijifungua, nani atashika nafasi yake, kwa muda gani, na je, huyo wa muda ameelezwa hivyo kwa maandishi? Swali hilo moja linaepusha uadui kati ya wanawake wawili ambao wote wanatafuta chakula. Ulizeni pia kuhusu wale wanaolipwa motisha bila mkataba, maana hao ndio wanaosahauliwa kwanza. Neno la kabila likianza kusemwa, iteni pande zote mbili pamoja kabla jua halijazama.

Waume, msimwache mama na mtoto peke yenu mkisema kazi ni yake. Kumbebea mtoto mpaka kituoni saa ya kunyonya si aibu.

Mama zetu, kabla ya likizo someni tarehe ya mwisho ya mkataba, kabidhini kazi kwa maandishi, na ulizeni mtarudi kwenye nafasi gani.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tuliokwisha kupoteza nyumba zetu tunajua ukuta una bei gani. Tuuzibe ufa huu ungali mdogo.