Mdako Darasani: Mchezo kama Njia ya Kufundishia Darasa la Awali



Kwamba mtoto mdogo hujifunza kwa kucheza, sidhani kama humu ukumbini yupo anayebisha. Friedrich Fröbel aliianzishia shule hoja hiyo huko Ujerumani mwaka 1837, na Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ibara ya 31, unautaja mchezo kuwa haki. Tatizo letu liko kwenye ratiba. Mtoto ananakili irabu ubaoni, akimaliza ndipo anaambiwa akacheze, nasi tunabaki kusahihisha madaftari. Mchezo umegeuka zawadi, na yule anayechelewa kuandika, ambaye ndiye anayeuhitaji kuliko wenzake, kila siku anaukosa.

Chukueni mdako. Mtoto anachimba kishimo, anaweka vijiwe, tuseme 12. Anarusha kimoja cha mkononi juu, na kabla hakijashuka anavikomba vile 12 nje ya shimo, kisha anakidaka. Anarusha tena, safari hii anavirudisha vyote isipokuwa kimoja, ambacho ni chake. Akimaliza moja-moja anaingia mbili-mbili, halafu tatu-tatu. Akibakiza pungufu au cha juu kikimponyoka, zamu imekwisha. Kwa tatu-tatu vijiwe vinaisha vyote. Kwa tano-tano vinabaki viwili, na hapo wachezaji lazima wakubaliane vya kubaki ni vya nani. Wamehesabu, wamegawa, vidole vimepata nguvu vitakayoihitaji kushika penseli. Wamengoja zamu na kushindwa bila kulia, jambo ambalo sijaona daftari lililolifundisha.

Mwalimu yuko wapi? Amechuchumaa pembeni. Haamui ugomvi kabla watoto hawajajaribu wenyewe. Anauliza swali moja kwa wakati wake: “Shimoni umebakiza vingapi?” Mwanasaikolojia Vygotsky alieleza kwamba mtoto akisaidiwa kidogo na anayemzidi hufika mbali kuliko akiachwa peke yake, na swali hilo ndilo msaada wenyewe. Ukiuliza matano mfululizo, umeanzisha mtihani na watoto watakuhama.

Najua mtaniambia habari ya wingi wa watoto. Sera ya Elimu na Mafunzo ya Tanzania ya 2014 iliifanya elimu ya awali kuwa ya lazima, michango ikafutwa mwaka 2016, na madarasa yakafurika. Kiwango ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Wengi wenu mna mara tatu ya hao. Kwa maoni yangu, wingi huo ndio sababu ya kutumia michezo. Darasa la ubaoni humtegemea mtu mmoja: ukigeuka, kazi imesimama. Makundi ya mdako, duka la vizibo vya soda na kusimuliana hadithi yakishazoea taratibu, yanajiendesha, nawe unapata dakika kumi za kukaa na watoto wanane tu. Wiki mbili za mwanzo zitakuwa vurugu. Mwalimu mkuu aarifiwe mapema asije akadhani darasa limekushinda.

Vifaa visitutishe. Kona yenye midoli ya plastiki iliyotiwa kufuli, inayofunguliwa siku ya mthibiti ubora wa shule, haina faida kwa mtoto. Magunzi, vifuu na vizibo vinatosha, mradi viwe safi na visiwe na makali. Kwa watoto wenye tabia ya kutia vitu mdomoni, tumieni vijiwe visivyoweza kupita kooni, na mvihesabu kabla na baada ya mchezo. Kuhesabu huko nako ni somo.

Wazazi ndio kazi ngumu zaidi. Mama analipia sare, anafungua daftari, analikuta jeupe. Ana haki ya kuuliza. Jibu lisiwe hotuba. Wekeni kitabu cha kumbukumbu chenye sentensi moja kwa kila mtoto kila wiki: “Amegawa vijiwe tisa kwa tatu-tatu bila kusaidiwa”, au “Bado anaruka saba anapohesabu.” Sentensi hiyo inamweleza mzazi kuliko alama ya vema, na inakuonyesha Jumatatu uanzie wapi.

Mchana, katika vikundi, naomba kila kikundi kichague mchezo mmoja unaochezwa mtaani kwao, kiucheze kweli, kisha kiandike maswali mawili ambayo mwalimu angeuliza na lini angenyamaza. Mwezeshaji ataleta vijiwe. Vishimo tutachimba wenyewe nyuma ya ukumbi, tumeshapewa ruhusa.