BARABARA YA RUSUMO: UTAJIRI UNAPITA, SISI TUNAVUTA MOSHI!

(Hotuba kwa vijana wa Ushirombo, wilayani Bukombe)



Litazameni lile lori. Limetoka bandarini Dar es Salaam. Likipita Nyakanazi litaingia milima ya Ngara, lipande kwa gia ndogo, kisha literemke hadi maporomoko ya Rusumo, mto Kagera. Ng'ambo ni Rwanda, nchi isiyo na bahari. Sehemu kubwa ya mizigo yake inapita hapa mlangoni petu.

Barabara hii imeona mengi. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu zaidi ya 200,000 walivuka daraja la Rusumo ndani ya siku mbili wakikimbia vita. Tukawapokea. Baadaye majambazi wakatamba katika mapori ya Biharamulo, mabasi yakawa yanasindikizwa na askari wenye bunduki. Daraja lenyewe lilikuwa jembamba, malori yakipita kwa zamu. Japani ikasaidia kujenga jipya, na Aprili 2016 Rais Magufuli na Rais Kagame wakalizindua pamoja na kituo cha pamoja cha mpakani.

Sawa, vigogo wamekata utepe. Je, mlalahoi wa Ushirombo amekata nini?

Madereva wanakula hapa, wanalala hapa. Lakini kijana wetu bado anakimbizana na basi, sahani ya karanga mkononi, roho mkononi!

Sheria ya mwaka 2018 inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: wanawake 4, vijana 4, watu wenye ulemavu 2. Mikopo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa 2024. Sisemi kuna mtu amekula. Nasema tuulize: ile 4 yetu ni shilingi ngapi? Wamepewa akina nani? Majina yabandikwe ubaoni tuyasome.

Ndugu zangu, kuuliza si uasi. Mkutano wa hadhara si wa wazee peke yao. Undeni vikundi, vya karakana, vya mama lishe na vijana wao, vya kuosha malori, mviandikishe, kisha mwende mkutanoni mkadai maegesho ya malori na vibanda halali kando yake.

Tukinyamaza, malori yatapita miaka 30 mingine, nasi tutabaki kuhesabu matairi.

Mageuzi hoyee!