Lambo, Mita za Ujazo na Programu Tuliyoichagua

(Hotuba ya Kikundi cha Ujenzi na Maji, iliyosomwa mbele ya kamati na wageni Siku ya Wakimbizi Duniani, 20 Juni)



Tumeombwa tueleze kwa nini kikundi chetu kilitumia miezi miwili kuchagua programu ya kompyuta ya kuhesabia udongo, hali watu walikuwa wanasubiri kazi. Wengine walisema tunachezea mashine. Tutajibu, lakini hatuna budi kuanza na lambo la mwaka 2022, maana ugomvi wote ulitoka humo.

Wengi wenu mnalikumbuka. Kitako chake kilikuwa mita 20 kwa 10, kina mita 2, na kuta zake zililala: kwa kila mita 1 ya kushuka, mita 1 na nusu ya kwenda kando. Posho ililipwa kwa mita za ujazo. Msimamizi alizidisha 20 kwa 10 kwa 2, akapata 400, akalipa 400. Lakini mdomo wa lambo haukuwa 20 kwa 10. Ulikuwa 26 kwa 16. Udongo wote wa kando, ule uliotolewa ili kuta zilale, ulichimbwa, ukabebwa kwa toroli, wala haukuandikwa popote.

Hesabu yenyewe si siri. Unachukua eneo la mdomo, 416. Eneo la kitako, 200. Na eneo la katikati ya kina, 23 kwa 13, yaani 299, hili unalizidisha kwa 4. Unajumlisha yote, unazidisha kwa kina, unagawanya kwa 6. Jibu ni 604. Watu wetu walichimba mita 204 za ujazo bila malipo. Kwa mtu achimbaye mita 2 kwa siku, hizo ni siku 102 za jasho.

Na ubaya haukuishia kwenye posho. Watu si wajinga. Walipoona mteremko haulipwi, shimo la takataka lililofuata walilichimba kuta wima kama za nyumba. Mvua ya usiku mmoja ikalainisha udongo, asubuhi upande mmoja ukaporomoka, na kijana wetu akafukiwa hadi kiunoni. Tulimtoa mzima, Mungu ashukuriwe. Sisi tuliokulia chini ya milima ya Uvira tulipaswa kulijua jambo hilo kabla ya kompyuta yoyote.

Basi tukaanza kutafuta. Kwanza tuliangalia programu kubwa za wahandisi, kama Civil 3D. Hizo hujenga sura ya ardhi kwa pembetatu nyingi, kisha hulinganisha ardhi ya kabla na ya baada ya kuchimba. Ni kazi safi. Lakini hulipiwa kila mwaka, hutaka kompyuta yenye nguvu, na hutaka vipimo vingi vya ardhi. Sisi tuna kamba, vigingi na pimamaji.

Tukaja kwa QGIS, ambayo ni ya bure. Kwa ramani tuliipenda sana. Kijana mmoja akashauri tuitumie pamoja na vipimo vya miinuko vilivyochukuliwa kutoka angani na chombo Endeavour mwaka 2000, navyo ni vya bure. Tukaviangalia: kuna kipimo kimoja kwa kila mita 30 hivi. Lambo letu lote lina urefu wa mita 26! Lingemezwa na nukta moja. Tulicheka, na yeye akacheka.

Zikabaki programu ndogo za simu, na programu ya majedwali, LibreOffice Calc, ambayo nayo ni ya bure. Hapo tukaweka mtihani: kila programu ihesabu lambo lile lile, ambalo jibu lake tulikuwa tumeshalipata kwa penseli.

Programu moja ya simu ilitoa 616. Ilichukua wastani wa mdomo na kitako tu, bila kutazama katikati, na njia hiyo huzidisha. Nyingine ilitoa 485, nasi tukaanza kuilaumu, kumbe kosa ni letu: tuliandika mteremko kinyume, ikaelewa mita 1 kwenda kando kwa mita 1 na nusu ya kushuka. Ya tatu ilitoa 599. Tuligombana nayo siku nzima mpaka tulipogundua kwamba inachora pembe nne za lambo zikiwa za mviringo, na shimo la namna hiyo kweli lina udongo pungufu kidogo. Haikukosea, ilikuwa inahesabu shimo jingine.

Tulichagua majedwali. Sababu kubwa si bei. Ni kwamba mchimbaji akiuliza, tunamfungulia kisanduku, anaiona kanuni, anaihakiki mwenyewe kwenye daftari. Programu inayotoa jibu bila kuonyesha njia, hata ikiwa sahihi, haiwezi kumaliza ugomvi wa posho.

Jedwali letu linauliza vitu vinne: urefu wa kitako, upana wake, kina, na mteremko, ulioandikwa kwa maneno ili usigeuzwe tena. Tunapima shimo, hatupimi rundo, kwa kuwa udongo ukichimbwa huvimba, na anayehesabu matoroli hupata zaidi ya kilichotoka ardhini. Katikati ya shimo tunaacha nguzo ya udongo isiyochimbwa, ishuhudie kina mpaka vipimo visainiwe na pande mbili. Hapo ndipo inapoondolewa, nayo pia hulipwa.

Tunakiri kwamba jedwali hili halifai mahali ambapo ardhi ya juu imeinama. Mfereji wa upande wa mlimani tutaugawa vipande vipande, na kazi kubwa kuliko hiyo tutawaomba wahandisi wa mashirika waje na vyombo vyao.

Limebaki lambo la 2022. Orodha ya waliolichimba tunayo, na vipimo vilirudiwa mwezi uliopita, mbele ya wazee wa vijiji viwili. Mita ni zile zile 604. Karatasi hizo tumezikabidhi leo asubuhi kwa wahusika, nao wametuahidi jibu kabla ya mwisho wa mwezi ujao.