Tuyapime Maneno ya Kiapo Kabla ya Kuyatamka

  

Ndugu zangu katika imani, wazazi wa Mbeya na wenzetu wa Iringa huuliza: mtoto wa Kiislamu akisimama mstarini shuleni, bendera ikapandishwa na wimbo wa taifa ukaimbwa, je, ameingia katika shirki? Wapo wanaojibu "ndiyo" kwa pupa, na wapo wanaomcheka muulizaji. Wote wameiruka hatua ya kwanza, nayo ni kuyasoma maneno yenyewe.

Viapo vya bendera huandikwa na wanadamu, na wanadamu hao hao huvibadilisha. Kile cha Marekani, kilicho mashuhuri zaidi, kiliandikwa mwaka 1892 na Francis Bellamy, aliyekuwa mchungaji wa Kibaptisti. Mwanzoni mtoto aliahidi utii kwa "bendera yangu". Mwaka 1923 wakachelea kwamba mtoto wa mhamiaji huenda akakusudia bendera ya kwao, wakaitaja Marekani waziwazi. Jina la Mungu halikuwamo hadi mwaka 1954, Bunge lao lilipoliingiza katika zama za kushindana na Wakomunisti. Kwa jirani zetu wa Kenya, kiapo cha utii cha enzi za Rais Moi kilimtanguliza Rais mbele ya Taifa, kikaitaja na falsafa ya Nyayo. Ama wimbo wa taifa letu, maneno yake ni dua: anayeombwa baraka ni Mungu, si bendera.

Mtume (s.a.w.) alitufundisha kuyapima maneno. Pale Hudaybiya, mwaka wa 6 Hijria, Suhayl bin Amr alikataa asiandikwe "Mtume wa Mwenyezi Mungu". Mtume akaridhia liandikwe jina lake na la baba yake, kwani kufutwa kwa wino hakukuuondoa utume. Kisha akaja Abu Jandal akiburura minyororo, akiomba hifadhi, naye Mtume akaitimiza ahadi ijapokuwa nyoyo za Sahaba ziliungua. Hivyo basi, neno hupimwa kabla halijatamkwa. Likishakuwa ahadi halali, hutimizwa.

Nionavyo, atakayesimama kwa heshima na kuomba dua hiyo kwa nia safi, tusimtie katika shirki. Lakini kiapo kikimtaka Muislamu aape kwa asiyekuwa Mwenyezi Mungu, au amtii kiumbe katika kumuasi Muumba, hapo hana ruhusa.

Na asiyeridhika nafsini mwake je? Tunao mfano hapa hapa. Wanafunzi 127, Mashahidi wa Yehova, waliadhibiwa na shule moja ya sekondari mkoani Mbeya kwa kukataa kuimba wimbo wa taifa. Walishindwa Mahakama Kuu, wakakata rufaa, na mwaka 2013 Mahakama ya Rufani ikawapa haki. Huko Marekani pia, watu wa dhehebu hilo walishindwa mwaka 1940, wakashinda mwaka 1943. Imani yao si yetu, lakini uadilifu ni amri juu yetu hata kwa tusioafikiana nao. Mlango uliofunguliwa kwao ndio huo huo atakaopitia binti yetu atakapozuiwa hijabu yake. Tena, utii unaotolewa kwa fimbo huzaa unafiki, na taifa halijengwi na wanafiki.

Mwisho, tujihoji. Wangapi wanaopinga wimbo kwa sauti kubwa, ilhali wanakula mali ya umma na kuvunja mikataba ya biashara? Mwenyezi Mungu ameanza Suratul Maidah kwa kuwaamrisha waumini kutimiza ahadi. Huko ndiko tutakakoulizwa kwanza.