Umetoa Figo na Una Mimba? Sema Kliniki

Tangu mwaka 2017 figo zinapandikizwa hapa Tanzania, kuanzia Hospitali ya Muhimbili. Anayetoa mara nyingi ni ndugu: dada, mama, shangazi.

Je, dada aliyetoa figo anaweza kuzaa? Anaweza. Wengi hujifungua salama. Ila presha ya mimba na kifafa cha mimba humnyemelea zaidi kuliko mwenye figo mbili. Watafiti wa Kanada waliona hatari hiyo ikizidi maradufu.

Kwa hiyo, dada, siku ya kwanza kliniki sema: nilitoa figo. Nesi haoni kovu lililo chini ya kanga! Iandikwe kwenye kadi. Kila hudhurio, pimwa presha na mkojo. Narudia: sema ulitoa figo, upimwe presha na mkojo.

Kichwa kikiuma sana, macho yakiona ukungu, uso ukivimba, au ukiumwa chini ya mbavu, usingoje kuche. Nenda kituo cha afya usiku huohuo. Ukipewa rufaa ya kwenda hospitali ya Kwangwa, Musoma, nenda.

Na wewe unayefikiria kutoa figo, ukiwa bado unataka watoto, muulize daktari kabla hujasaini.